Siku za Kupona Baada ya Kisu

Watu wengi hufikiri kwamba mgonjwa akiisha kutolewa katika chumba cha upasuaji taabu yake imekwisha, na kwamba kilichobaki ni kumshukuru daktari na kulipa deni. Sisi tuliomwuguza mtu nyumbani mwezi baada ya mwezi twajua kwamba sivyo. Daktari hufanya kazi yake kwa muda wa saa mbili au tatu. Jamaa hufanya yao kwa mwaka mzima, pengine na zaidi. Na kama jamaa hawaijui kazi hiyo, ngozi iliyonyoshwa kwa kisu hujikunja tena, na mgonjwa hubaki na kovu la pili juu ya lile la kwanza.

Twaandika habari hii kwa kuwa upasuaji wa namna hii, yaani ule wa kuitengeneza sura na ngozi ya mtu, si jambo la mbali tena katika mji wetu wa Goma. Wasomaji wengi wanaijua Hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na Daktari Kasereka Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn aliyefariki mwaka 2012. Lava ya mlima Nyiragongo iliyoshuka mjini tarehe 17 Januari 2002 haikuwahurumia. Lakini walijenga tena juu ya mawe yale yale meusi. Huko watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka wamefungwa midomo yao, na waliozaliwa na miguu iliyopinda wamenyoshwa. Zipo na hospitali nyingine mjini zenye waganga hodari. Jambo tunalolikosa si kisu tu. Twakosa watu wanaojua la kufanya mgonjwa anapofikishwa mlangoni kwake.

Mtoto tunayemsimulia ni binti wa marehemu ndugu yetu, nasi twamlea pamoja na watoto wetu. Alipokuwa na umri wa miaka minne alianguka juu ya sufuria ya maharagwe iliyokuwa motoni. Kila nyumba ya Goma inajua jinsi maharagwe yanavyokaa juu ya makala asubuhi nzima, na jinsi jiko linavyowekwa chini, mahali watoto wanapocheza. Alipona kidonda, lakini kovu likavuta. Ndiyo tabia ya kidonda kikubwa cha moto: hakijazwi na ngozi mpya peke yake, bali kingo zake hukutana kwa kuvutana, kama mdomo wa mfuko unapokazwa kamba. Shingo ni mahali pabaya kuliko pote kwa jambo hilo, kwa kuwa kidevu hakina nguvu ya kushindana nalo. Mwaka baada ya mwaka kidevu cha mtoto kilishuka, mpaka kikakaribia kifua. Mdomo wa chini uligeuka nje, mate yakawa yanamtoka bila yeye kutaka. Mwalimu wake, mtu mwenye busara, alimkalisha dawati la nyuma kabisa, maana kutoka mbali aliweza kuuona ubao bila kuinua kichwa. Ili autazame mlima Nyiragongo, ambao kila mtoto wa Goma huutazama, ilimpasa kulala chali.

Tulipotangaza katika ukoo kwamba atapasuliwa wakati wa likizo, mwezi wa Julai 2023, mama mkubwa wetu mmoja alituita akatuuliza waziwazi: “Wanangu, mtoto huyu anakula, anatembea, anasoma. Kisu cha nini? Mnautafutia uzuri ugonjwa?” Hatukumdharau, maana neno lake lilikuwa la mtu mwenye upendo, na swali lenyewe si la kijinga. Wako watu ambao kweli huutafutia uzuri ugonjwa; twawaona wanaojipaka madawa ya kuchubua ngozi, wakaharibu kile walichopewa kizima. Lakini tulimweleza mambo mawili. La kwanza, shingo isiyogeuka si upungufu wa uzuri tu, bali ni ulemavu. La pili, hata uzuri wenyewe Kanisa halijauita uchafu. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufa kwake, Baba Mtakatifu Pio XII alizungumza na wapasuaji wa Italia waliokuwa wamekutana kwa ajili ya kazi hii hii. Aliwafundisha kwamba uzuri wa mwili ni kitu chema, ingawa si chema kilicho juu ya vyote, na kwamba uhalali wa kupasuliwa hutegemea nia ya mtu, sababu zake, na hatari iliyopo. Mama mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Basi, atakapotoka hospitali mimi nitapika.” Naye alipika kweli.

Siku ya kupasuliwa tulingoja nje kama wangojavyo wote. Mganga wa usingizi alikuwa ametueleza mapema kwamba kazi yake ndiyo itakayokuwa ngumu, kwa sababu kichwa kisichoweza kuinamia nyuma hufanya njia ya pumzi kuwa ngumu kufikiwa. Mpasuaji alilikata kovu, shingo ikafunguka, na pale palipofunguka pakabaki jeraha pana kuliko kiganja cha mtu mzima. Jeraha hilo lilifunikwa kwa ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, iliyochukuliwa katika paja la mtoto mwenyewe.

Hapo yafaa tueleze jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloamuru mengine yote. Ngozi iliyohamishwa haina damu yake. Siku za kwanza huishi kwa unyevu wa mahali ilipolazwa tu, kama mche uliong'olewa na kupandwa kwingine. Baadaye mishipa midogo sana ya damu huota kutoka chini na kuingia ndani yake, na kwa muda wa siku tano hivi huwa imeanza kushika. Ikiteleza katika siku hizo, au damu ikikusanyika chini yake, hufa. Kwa hiyo wauguzi walipomkataza mtoto kugeuza kichwa, kucheka kwa nguvu na kuzungumza sana, hawakuwa wakali bure. Siku ya tano kitambaa kilifunguliwa mara ya kwanza. Ngozi ilikuwa imeshika, isipokuwa pembe moja ndogo upande wa kushoto, chini ya sikio. Mtaisikia tena habari ya pembe hiyo.

Alirudi nyumbani siku ya kumi na sita. Sasa tuseme juu ya raha ya mgonjwa, maana kwetu sisi neno raha husikika kama la watu wavivu. Mtoto mwenye maumivu hujikunja, akijikunja shingo hukunjwa, na shingo ikikunjwa kazi ya mpasuaji hupotea. Raha ya mgonjwa huyu ilikuwa sehemu ya dawa.

Kwanza ni kulala. Mgonjwa wa uso huambiwa ainue kichwa kwa mito ili uvimbe ushuke. Lakini wa shingo kama yetu hukatazwa mto kabisa. Tuliviringisha vitenge viwili tukaviweka chini ya mabega, kichwa kikalala nyuma kidogo, shingo ikabaki imenyooka. Usiku wa kwanza alilia, akisema kwamba anaanguka. Ni kweli alihisi hivyo, kwani kwa miaka tisa alikuwa hajapata kulala na uso ukitazama dari. Mke alikaa kando yake akiwa amemshika mkono, na baada ya usiku wa nne au wa tano mwili ulizoea. Chumba chenyewe tulikichagua kile kilicho mbali na jiko, kwa sababu ya moshi wa makala, na dirisha la upande wa barabara tulilitundikia kitambaa chenye maji. Anayeijua Goma anaijua vumbi yetu nyeusi, ambayo chukudu moja ikipita huingia hata ndani ya kabati.

Pili ni maumivu. Wengi watashangaa kusikia kwamba shingo haikumwuma sana. Lililomwuma ni paja. Mahali palipotolewa ngozi huwa kama goti la mtoto lililokwaruzwa na mawe ya lava, ila kwa upana mkubwa. Kitambaa cha pajani hakivutwi kwa nguvu, huachwa kikauke na kuachia chenyewe, nacho kilituchukua majuma mawili na siku kidogo. Dawa ya maumivu tulimpa kwa saa zake, kama mwuguzi alivyotuandikia, bila kungoja alie. Watoto wetu hufundishwa kuvumilia, na ni mafundisho mazuri. Lakini mgonjwa avumiliaye kimya humdanganya anayemwuguza. Tulimwambia kwamba katika nyumba hii, kwa mwezi huu, kusema “naumwa” ni utii.

Baada ya juma la tatu maumivu yalipungua, ukaja muwasho. Hakuna aliyekuwa ametuonya sana juu ya muwasho, nao ulikuwa mbaya kuliko maumivu yenyewe. Kovu linalopona huwasha hasa usiku, mtu anapopata joto chini ya blanketi. Tulimkata kucha, tukamfundisha kupigapiga taratibu kwa kiganja badala ya kukuna, tukamwekea kitambaa safi kilicholowekwa katika maji baridi yaliyochemshwa kwanza. Daktari aliongeza vidonge vya usiku. Hata hivyo kulikuwa na usiku ambao nyumba nzima haikulala, na watoto wadogo walikwenda shule na macho mekundu.

Juu ya chakula twaweza kusema machache, maana mama mkubwa alitawala jikoni. Siku za mwanzo ulikuwa uji wa soya na mtama, mwepesi, unyweke kwa mrija. Kisha supu ya sambaza, wale samaki wadogo walioletwa ziwani Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo hatujui tungeishije pasipo wao. Kisha mayai, maharagwe yaliyosagwa, lengalenga, maparachichi, na jibini ya Masisi ilipopatikana. Ngozi mpya hujengwa kwa vyakula vya kujenga mwili. Wageni walileta Fanta na biskuti. Tuliwashukuru, na biskuti zililiwa na wale ambao hawakupasuliwa.

Wageni! Hapa ndipo palipotutaka hekima kubwa kuliko pengine pote. Ni desturi yetu njema kwamba mgonjwa haachwi peke yake. Jumuiya walikuja, majirani walikuja, wanafunzi wenzake walikuja kumi na wawili kwa pamoja. Na kila aliyekuja alitaka kuona. “Tufunulieni kidogo tu, tuone walivyofanya.” Mgeni mmoja alipoona akapiga ukelele, akaziba mdomo kwa kitenge. Jioni ile mtoto hakula.

Usiku huo tulikumbuka habari tuliyopata kuisoma juu ya Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, mpasuaji Harold Gillies alikuwa akitengeneza nyuso za askari katika hospitali ya Sidcup. Kati ya hospitali na mji yaliwekwa mabenchi yaliyopakwa rangi ya buluu, ili raia ajue kwamba atakayemkuta ameketi hapo ana uso uliojeruhiwa, asije akashtuka. Lilikuwa jambo la huruma, twaamini; lakini lilikuwa pia benchi la kutengwa. Katika vita ya pili ndugu yake Gillies, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua katika mji mdogo wa East Grinstead, naye alishika njia nyingine. Aliwaendea watu wa mji wenyewe, akawaomba wawakaribishe vijana hao majumbani mwao na wasiwakodolee macho. Mji ukakubali, na mpaka leo husifiwa kuwa mji usiokodoa macho. McIndoe huyo si mgeni kabisa katika nchi zetu: mwaka 1957 yeye na wapasuaji wenzake wawili, Michael Wood na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege katika Afrika ya Mashariki, ambayo leo huitwa Amref.

Basi tulifanya kama McIndoe, kwa kadiri ya ua wetu. Hatukufunga mlango. Kabla mgeni hajaingia, mmoja wetu alimpokea nje, akamweleza: shingo imefungwa na haitafunguliwa, mtoto azungumza kidogo, mzungumzieni habari za shule, msiulize linaumaje, na msimlinganishe na mtu. Kisha aliingia, akakaa dakika chache, akatoka. Wachache walinuna. Wazee wengi waliafiki kuliko tulivyotazamia, na mmoja wao alijiweka mwenyewe kuwa bawabu wetu siku za Jumapili, naye alikuwa mkali kutushinda.

Jambo la kioo lilitushughulisha vilevile. Huko Sidcup vioo viliondolewa katika vyumba vya wagonjwa. Sisi hatukuona kwamba njia hiyo ingefaa, maana leo kila simu ni kioo, na mtoto wa miaka kumi na mitatu hutafuta kujiona hata katika maji ya beseni. Tulimwambia kabla hajatazama atakachokiona: ya kuwa ngozi itakuwa nyekundu, yenye mikunjo, isiyofanana na ile ya mashavu, ya kuwa baadaye itageuka kuwa nyeusi kuliko mwili, ya kuwa kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi kabla ya kutulia. Kisha mke alimpa kioo. Alijitazama muda mrefu, akasema, “Shangazi, nina shingo.” Akakigeuza kioo, akajitazama upande wa pili.

Miezi iliyofuata haikuwa na mambo ya kusimulia, nayo ndiyo iliyokuwa ya lazima. Alivaa kola ya sponji iliyofungwa kwa kitambaa, kisha ile ngumu ya plastiki, mchana na usiku, ikivuliwa wakati wa kuoga, kula na kuchuliwa tu. Hospitali ilituambia miezi sita isipungue, kwa kuwa kovu haliachi kuvuta kwa sababu limekatwa mara moja. Mara tatu kila siku tulimchua kwa vaselini isiyo na manukato, kwa kidole gumba, polepole, tukibonyeza mpaka ngozi ibadilike rangi kidogo. Kisha mazoezi: kutazama boriti ya dari, kutazama bega la kuume, kutazama bega la kushoto, mara kumi kila upande. Yeye mwenyewe aliyageuza mazoezi hayo kuwa mchezo wa kutoka uani jioni na kuutafuta moshi wa mlima.

Jua la Goma ni kali, maana tumekaa karibu mita 1,500 juu ya bahari, na ngozi mpya huungua upesi na kubaki na madoa. Alijifunga kitambaa chepesi cha pamba kila alipotoka. Walikuwako waliotushauri tupake madawa ya kung'arisha ili rangi zilingane. Tulikataa kata kata, na twawasihi wasomaji wakatae hivyo hivyo: madawa yale hudhoofisha ngozi iliyo nzima, sembuse ile ambayo bado inajifunza kuishi. Kadhalika majivu, kinyesi cha ng'ombe, na majani yaliyopondwa. Hayo yote tuliletewa kwa nia njema. Lililotulazimu kurudi hospitali bila kungoja siku ya miadi ni haya tu: homa, harufu mbaya, kitambaa kuloa usaha, au ngozi kugeuka nyeusi na kuwa ngumu. Tulirudi mara moja, katika juma la nne, kwa ajili ya ile pembe chini ya sikio, iliyokuwa imetoa majimaji. Ilisafishwa, ikapona, lakini ikaacha uzi mgumu wa kovu.

Uzi huo ndio uliobaki. Daktari alisema kwamba ni kazi ndogo, ya kukata na kupanga ngozi upya kwa pembe, nayo ingefaa kufanywa mwanzoni mwa mwaka 2025, kovu likiisha kutulia. Mwezi wa Januari mwaka huo vita ikaingia mjini. Hospitali za Goma zilijaa watu waliopigwa risasi na mabomu, wakalazwa hata katika mahema na barazani, na hakuna mtu mwenye haki angeweza kudai kitanda kwa ajili ya uzi mmoja wa kovu. Mtoto mwenyewe alitutangulia kusema hivyo.

Mpaka tunapoandika haya uzi bado upo. Tunauchua kila jioni kabla ya rozari, dakika kumi kwa saa, na haujazidi kukaza. Shingo inageuka kuume kabisa, na kushoto karibu yote. Shuleni amehamia dawati la pili kutoka mbele.